Kubadilisha kazi na kujiajiri ukiwa unasubiri green card: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hayaishi kwenye makundi ya WhatsApp ya Waswahili walioko Marekani. Majibu yake huwa ya kweli kwa aliyeyatoa na ya hatari kwa aliyeuliza, kwa sababu kila mtu ana njia yake ya kuifikia green card. Anza na swali la 1 ujue uko njia ipi, halafu chagua yanayokuhusu. Ukurasa huu hauchukui nafasi ya wakili wa uhamiaji, hasa kwa maswali ya mwisho.

## Mambo ya msingi

1. Nimeshawasilisha I-485, fomu ya kuomba green card nikiwa ndani ya Marekani. Kazi ninayofanya ina uhusiano gani na green card yangu?

Inategemea ni nini kilichokupa haki ya kuomba. Kama umeombewa na mume, mke, mzazi au mtoto, ombi lako limesimama juu ya undugu. Uwe unaosha magari au unaongoza benki, ni mamoja, isipokuwa suala la kipato cha mdhamini (swali la 15). Kama ulishinda bahati nasibu ya visa, yaani DV, au uliingia kama mkimbizi, au ulipewa hifadhi, hakuna mwajiri ndani ya faili lako (swali la 16).

Mwenye sababu ya kujichunga ni yule aliyeombewa na mwajiri. Kwa kawaida mwajiri huyo alianzia Wizara ya Kazi kuthibitisha kwamba hakupata mfanyakazi wa humo nchini kwa nafasi hiyo, hatua iitwayo PERM. Kisha akapeleka I-140, fomu ya mwajiri ya kukuombea, kwa idara ya uhamiaji, USCIS, na I-485 yako imeegemea I-140 hiyo. Kazi iliyoandikwa humo ndiyo msingi wa ombi lote. Sehemu kubwa ya ukurasa huu imeandikwa kwa ajili ya watu wa kundi hili.

Wapo pia walioomba wenyewe bila mwajiri, kwa njia ya EB-1A (wenye vipaji vya kipekee) au NIW (wenye kazi ya maslahi kwa taifa). Hawa hawafungwi na mwajiri yeyote, lakini wakiitupa kabisa fani waliyoombea, afisa ana haki ya kuwauliza.

2. Kibali cha kazi ninacho mkononi. Si kinaniruhusu kufanya kazi yoyote?

Kinakuruhusu. Kibali anachopewa mwenye I-485, chenye alama C09 kwenye kadi, hakitaji mwajiri wala aina ya kazi. Unaweza kuajiriwa, kujiajiri, au kufanya kazi mbili.

Lakini kibali kinajibu swali moja tu: je, leo unafanya kazi kihalali? Liko swali jingine ambalo hakiligusi: je, kazi iliyozaa ombi lako bado ipo, au umepata inayofanana nayo? Mtu wa njia ya ajira anaweza kufanya kazi halali miaka miwili mfululizo, akalipa kodi yake yote, na bado akanyimwa green card kwa kukosa jibu la swali hilo la pili. Wengi wanaoharibikiwa huchanganya haya mawili, na wanaowashauri nao huyachanganya.

3. Naweza kuanza kazi kabla kibali hakijafika, mradi nina risiti ya maombi?

Hapana. Risiti ya I-765, fomu ya kuomba kibali cha kazi, inaonyesha kwamba umeomba, basi. Subiri kadi. Wanaosalimika ni wale wenye haki ya kufanya kazi kwa sababu nyingine: mwenye H-1B, visa ya kazi ya muda, kwa mwajiri wake aliyeidhinishwa, mkimbizi, au aliyepewa hifadhi. Kama umeshaanza, soma swali la 19 leo.

## Kuhamia kwa mwajiri mwingine

4. Siku 180 zinahesabiwa kuanzia lini?

Kuanzia siku USCIS ilipoipokea I-485 yako, tarehe iliyoandikwa kwenye risiti. Hazihesabiwi kutoka siku ya alama za vidole wala siku ulipopata kibali. Sheria ya mwaka 2000 ijulikanayo kama AC21 ndiyo iliyoleta nafuu hii: ombi la njia ya ajira likikaa siku 180 au zaidi bila kuamuliwa, mwombaji anaweza kuhamia kazi nyingine akabaki na ombi lake, ilimradi kazi mpya ni ile ile au inafanana na ya kwanza.

Foleni ya visa, ambayo kila mtu hungoja zamu kwa tarehe ya ombi lake, ikirudi nyuma baada ya wewe kuwasilisha, siku zako zinaendelea kuhesabiwa. Kuhama huku I-140 yenyewe haijakubaliwa kunawezekana pia, ila ni kucheza pata potea: itabidi ithibitike kwamba I-140 ilistahili kukubaliwa tangu siku ilipowasilishwa, na mwajiri uliyemkimbia hatakuwa na hamu ya kukusaidia kuthibitisha.

5. "Kazi inayofanana" inapimwaje? Cheo changu kipya kina jina tofauti kabisa.

Jina la cheo halina uzito mkubwa. Afisa anaangalia majukumu, ujuzi na elimu inayotakiwa, leseni kama ipo, na mshahara. Anaanzia kwenye namba za SOC, orodha ya serikali inayoipa kila aina ya kazi namba ya tarakimu sita. Mhasibu ni 13-2011, nesi aliyesajiliwa ni 29-1141, mtengenezaji wa programu za kompyuta ni 15-1252. Namba zikiwa sawa au za kundi moja, una pa kuanzia pazuri. Zikitofautiana bado unaweza kujitetea, ila kwa maelezo marefu zaidi.

Kupanda cheo kwa njia ya kawaida hakukatazwi. Mpishi akiwa meneja wa mgahawa, au mtengenezaji wa programu akisimamia timu ya watengenezaji wenzake, hiyo ni ngazi inayoeleweka. Kinacholeta shida ni kuruka uzio. Aliyeombewa kama mhasibu akaenda kuuza nyumba hana hoja, hata kama anauza nyumba kwa hesabu nzuri.

Kwa Wakenya wengi swali gumu ni la CNA. Mtu aliombewa kama msaidizi wa wauguzi (31-1131), akasoma usiku, akafaulu mtihani wa leseni, akawa nesi kamili. Amepiga hatua ya maana, na wodi ni ile ile, lakini kwa karatasi elimu ni tofauti, leseni ni tofauti, na namba ziko makundi mawili. Usilichukulie poa. Mwone wakili kabla ya kusaini mkataba mpya, maana huenda ikawa salama zaidi mwajiri mpya aanze ombi jipya la nesi, nawe ubaki na tarehe yako ya zamani kwenye foleni.

Mshahara kupanda si tatizo. Kushuka sana ndiko kunakoamsha maswali. Kuhama jimbo, kwa mfano kutoka Minnesota kwenda Texas, peke yake hakuharibu kitu.

6. Lazima niwaarifu USCIS, au nisubiri waniulize?

Fomu ya kuarifu ipo: Nyongeza J ya I-485, iliyoanza kutumika Januari 2017. Sehemu moja unajaza wewe, nyingine anajaza na kusaini mwajiri mpya. Wapo wanaosubiri mpaka iletwe barua ya kudai ushahidi. Kwa maoni yangu, ukishatulia kwenye kazi mpya ipeleke mwenyewe, hasa kama mwajiri wa zamani mliachana vibaya: ni heri faili liwe na habari zako kabla halijapokea zake. Ambatisha barua ya ajira yenye majukumu yaliyoandikwa kwa kina, maana mstari mmoja wa cheo na mshahara hautoshi.

7. Mwajiri ananitisha kwamba nikiondoka ataiondoa I-140.

Anaweza kuiondoa, ila angalia tarehe kabla hujatishika. I-140 iliyokwisha kukubaliwa kwa siku 180, au ambayo I-485 yake imetimiza siku 180, haifutwi kwa sababu tu mwajiri ameiondoa au amefunga duka. Kanuni hiyo imekuwepo tangu Januari 2017. Hata tarehe yako ya foleni inabaki yako.

Kinachoweza kuiangusha ni dosari ya tangu mwanzo: vyeti vya kughushi, kazi iliyokuwa ya kubuni, au USCIS kugundua kwamba yenyewe iliikubali kimakosa. Kwa hiyo kabla hujaaga, hakikisha una nakala ya barua ya kukubaliwa kwa I-140, nakala ya PERM, na risiti zote. Ukishatoka mlangoni, kuziomba ni kama kuomba mahari irudishwe.

8. Nimeachishwa kazi na siku 180 hazijatimia.

Hili ndilo eneo jembamba kuliko yote. Kwanza uliza kama mwajiri bado ana nia ya kukuajiri green card itakapotoka. Green card ya ajira ni ahadi ya kazi ya baadaye, kwa hiyo kuwa nje ya kazi leo hakumaanishi ahadi imekufa. Akikubali kutoigusa I-140 mpaka siku zitimie, umevuka. Akiiondoa kabla, na I-140 haijamaliza siku 180 tangu ikubaliwe, inafutika na I-485 inabaki bila pa kusimama.

Watu huona haya kumwomba mwajiri aliyewafukuza. Omba, tena kwa adabu na kwa maandishi. Waajiri wengi hawana sababu ya kuhangaika kuandika barua ya kuiondoa.

## Kujiajiri

9. Naweza kuhamia kwenye kampuni yangu mwenyewe?

Ndiyo. Sheria haisemi mwajiri mpya lazima awe mtu mwingine. Masharti ni yale yale: siku 180 zimetimia, na kazi unayojiajiri inafanana na ya kwenye I-140. Nyongeza J utasaini pande zote mbili, kama mwombaji na kama mwajiri. Inachekesha kidogo, lakini ndivyo ilivyo.

Afisa atakuwa na mashaka mawili. La kwanza ni kama biashara ni ya kweli: mpe usajili, leseni, mikataba na wateja, ankara, taarifa za akaunti ya benki ya biashara, na marejesho ya kodi. Mhasibu mwenye wateja wachache wa kudumu anaonekana wa kweli kuliko mwenye tovuti ya kupendeza isiyo na ankara hata moja. La pili ni nia ya mwanzo: je, wewe na mwajiri wa kwanza mlikuwa na nia ya kweli ya kazi ile, au I-140 ilikuwa tiketi tu? Aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo muda wa kutosha anajibu kwa hati za mshahara. Ambaye hakukanyaga hapo hata siku moja ajiandae.

Kumbuka pia kwamba lazima ufanye ile kazi. Ukiwa mhandisi uliyefungua kampuni ya uhandisi, na siku nzima unasimamia malipo na kutafuta zabuni huku wengine wakichora, majukumu yako halisi yamegeuka kuwa ya mkurugenzi.

10. Bado niko kwenye H-1B. Naweza kuwa na biashara pembeni?

H-1B inakuruhusu kumfanyia kazi aliyekuombea tu. Kumiliki hisa na kupokea gawio sawa, kuhudumia wateja hapana. Ukiwa na kibali cha C09 kazi ya pembeni inakuwa halali, lakini hesabu kwamba siku unapoanza kukitumia umeiacha ngao ya H-1B. I-485 ikikataliwa hapo, huna pa kurudi. Mwenye faili safi anaweza kuona ni sawa, ila aliye na doa lolote abaki kwenye H-1B.

11. Naruhusiwa kusajili LLC kabla ya kupata kibali?

Kusajili ndiyo. Majimbo hayaulizi hadhi yako ya uhamiaji, na kumiliki kampuni si kufanya kazi. Kuhudumia wateja, kupika, kusuka, kuendesha gari ni kufanya kazi, hata kama fedha umeziacha kwenye akaunti ya kampuni.

12. Na Uber, kusuka nywele, kupika chakula cha harusi, au lori?

Ukiwa na kibali, na kazi ya kwenye I-140 ipo au umehamia inayofanana, kipato cha pembeni hakikudhuru, mradi umezingatia swali la 10. Shida huanza pale cha pembeni kinapomeza cha msingi, na mtu aliyeombewa kama mhandisi anakuwa dereva wa saa zote.

Kuhusu lori, hilo ni jambo jingine. Tangu Septemba 2025 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani imekuwa ikibana leseni za CDL, yaani za kuendesha malori na magari makubwa ya biashara, kwa wageni wasio na green card, na suala hilo limefika mahakamani. Kabla hujachukua mkopo wa lori, uliza ofisi ya leseni ya jimbo lako wanatoa kwa nani sasa hivi.

13. Kodi ya aliyejiajiri ikoje?

Ukipata faida ya dola 400 au zaidi kwa mwaka, unajaza marejesho na kulipa kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3 inayokwenda Social Security na Medicare, juu ya kodi ya kawaida ya mapato. Hakuna mwajiri wa kukukata, kwa hiyo hulipwa kwa awamu nne: Aprili, Juni, Septemba na Januari. Lipa hata kama wateja wamekupa taslimu, kwa sababu marejesho hayo ndiyo ushahidi wa swali la 9.

## Familia, DV na wakimbizi

14. Mwenye ombi ni mume wangu, mimi nimeandikwa kama mwenzi. Nami nafungwa na aina ya kazi?

Hapana. Kibali chako ni huru, fanya utakalo, hata ukifungua daycare yako kesho. Ila ombi lako linafuata lake: akiharibu yeye, umeharibikiwa nawe, kwa hiyo swali la 5 mlisome pamoja.

15. Mke wangu ananidhamini, na ameacha kazi akafungua biashara. Itatuathiri?

Inaweza. Kwenye I-864, fomu ya ahadi ya mdhamini, anatakiwa kufikia asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali kwa ukubwa wa kaya yake, na aliyejiajiri anapimwa kwa kinachobaki baada ya gharama. Hapa ndipo ujanja wa kodi unapomrudia mtu: ulikata mafuta, simu na chumba cha ofisi mpaka faida ikabaki kiduchu, sasa faida hiyo hiyo ndiyo wanayoisoma. Mkikwama, mtafute mdhamini wa pamoja. Kipato chako mwenyewe kinaweza pia kuhesabiwa kama kinatokana na kazi ya kibali na kitaendelea kutoka chanzo hicho hicho baada ya green card.

16. Mimi ni wa DV, au ni mkimbizi kutoka Kongo. Kuna la kuangalia?

Mkimbizi na aliyepewa hifadhi wana haki ya kufanya kazi kwa hadhi yao yenyewe, na huomba green card baada ya mwaka mmoja. Badilisha kazi, fungua duka, ombi halitikisiki kwa hilo.

DV nayo haina mwajiri, lakini ina saa inayokimbia: lazima yote yakamilike kabla ya Septemba 30 ya mwaka wake wa fedha. Tena Desemba 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kuisimamisha, kwa hiyo usiache kazi nzuri kwa matumaini ya DV peke yake.

## Hali zisizo za kawaida

17. Mimi ni nesi, nasubiri Nairobi. Naweza kubadilisha hospitali iliyoniombea?

Si kwa kanuni ya siku 180. Hiyo ni ya wenye I-485, yaani walioko ndani ya Marekani. Anayesubiri visa ubalozini akitaka mwajiri mwingine, mwajiri huyo anaanza I-140 mpya. Kwa nesi haiwi safari ndefu sana, maana manesi wameruhusiwa kuiruka PERM. I-140 ya kwanza ikishakubaliwa, tarehe yake ya foleni unaweza kuhamia nayo. Kazi unayofanya Nairobi sasa hivi iendelee tu.

18. Kibali changu kinakaribia kuisha.

Omba upya mapema, kuliko ulivyozoea. Aliyepeleka maombi ya kuhuisha kuanzia Oktoba 30, 2025 hapati tena nyongeza ya moja kwa moja ya siku 540, na vibali vya wenye I-485 vimepunguzwa kutoka miaka mitano hadi miezi 18 kuanzia Desemba 2025. Kadi ikiisha kabla mpya haijafika, unaacha kazi, na aliyejiajiri anaacha pia.

19. Nilifanya kazi bila kibali huko nyuma.

Wa njia ya ajira husamehewa jumla ya siku zisizozidi 180 tangu walipoingia nchini kihalali mara ya mwisho. Mwenzi, mzazi, au mtoto wa raia aliye chini ya miaka 21 na asiye na ndoa, akiwa aliingia kwa kukaguliwa mpakani, hazuiwi kwa kosa hilo. Wa DV hana msamaha huo. Kwa vyovyote, usilifiche kwenye fomu: kazi yenyewe huweza kusamehewa, uongo ni kesi mpya.

20. Nilijaza I-9, fomu ya kumthibitishia mwajiri haki ya kufanya kazi, nikaweka alama kwamba mimi ni raia wa Marekani.

Funga ukurasa huu umpigie wakili. Kujidai raia ili upate kazi ni kizuizi cha kudumu, na msamaha wake karibu haupo.

21. Nimeshahama kazi. Naweza kwenda msibani Mombasa?

Pata kwanza ruhusa ya kusafiri kwa fomu I-131. Mwenye visa hai ya kazi ya H-1B au L-1 anayerudi kwa mwajiri yule yule anaweza kutoka bila hiyo. Aliyekwisha kuhamia kwenye kibali au kujiajiri hana nafuu hiyo, na akitoka bila ruhusa ombi linahesabiwa ameliacha. Kwa wagonjwa na misiba kuna maombi ya dharura kwenye ofisi za USCIS.

22. Mimi ni Mtanzania, nasikia mafaili yetu yamesimamishwa. Siku 180 zinaendelea?

Burundi iliwekewa vizuizi vya kuingia Marekani Juni 2025 na Tanzania Desemba 2025, na USCIS ikasitisha kuamua maombi ya raia wa nchi zilizoguswa. Sheria inahesabu siku ambazo ombi limekaa bila kuamuliwa, na lililositishwa bado halijaamuliwa, kwa hiyo hesabu yako inasonga. Jiandae zaidi kwa kuchelewa kwa kibali kipya (swali la 18), na fikiria mara mbili kabla ya kusafiri hata ukiwa na ruhusa.

23. Green card imetoka. Nikae na mwajiri kwa muda gani?

Sheria haitaji miezi. Ile "miezi sita" ya vijiweni ni tahadhari ya mawakili, haimo kwenye kanuni. Kinachoangaliwa, hasa miaka mitano baadaye ukiomba uraia, ni kama ulikuwa na nia ya kweli ya kuifanya kazi uliyoombewa. Aliyehama kwa siku 180 kabla ya green card kutoka anaangaliwa kwa kazi mpya, si ya zamani. Ukiacha mapema kwa sababu inayoeleweka, kama kupunguzwa, ugonjwa au mshahara usiolipwa, hifadhi barua na hati zake pamoja na nakala ya Nyongeza J.